Acheni Kutuandikia Saratani Isiyo na Mahali

Juzi nimemaliza hadithi nyingine ambamo baba anakufa kwa saratani. Saratani ya nini? Mwandishi hasemi. Iko wapi mwilini? Hasemi. Baba anakonda, anakohoa kidogo, anaangalia dirishani, halafu ukurasa wa mwisho anakufa ili mwanawe apate la kujutia. Jamani! Mwandishi kachoka, basi anamwita saratani aje amalizie kazi.

Wahariri wa magazeti nao hawajambo: rushwa ni saratani, ukabila ni saratani. Susan Sontag, Mmarekani aliyekuwa ametibiwa saratani ya titi, aliyapinga maneno ya namna hii katika Illness as Metaphor mwaka 1978. Miaka 20 baadaye akapata sarkoma ya mfuko wa uzazi. Na sarkoma ndiyo ninayotaka kuisema, kwa sababu katika riwaya zetu sijakutana nayo hata mara moja. Ni saratani inayoanzia kwenye tishu laini kama misuli, mafuta, mishipa, wakati mwingine hata mfupani. Aina zake zinapita 50.

Mjomba wangu, fundi seremala, alitokwa na uvimbe pajani. Ulianza kama ndimu, ukawa chungwa. Haukumuuma, na hilo ndilo lililomponza. Kila aliyeubonyeza alisema ni mafuta tu. Siwalaumu sana: vivimbe vingi vya chini ya ngozi ni vya mafuta kweli, laini, vinateleza chini ya kidole, na mtu huishi navyo mpaka uzeeni. Lakini wa mjomba ulikuwa umezama ndani, umeshika msuli, na haukuacha kukua. Uvimbe uliopita sentimita 5, au unaozidi kukua, au uliozama ndani, au uliorudi baada ya kukatwa, haubonyezwi ukaachwa. Unapigwa picha, kinyama kinachukuliwa kwa sindano, kinapelekwa maabara. Zahanati moja waliukata tu, nyama ikaishia kwenye ndoo ya taka. Baada ya miezi minane ukarudi palepale.

Tulipofika hospitali kubwa, wakapima, daktari akasema ni saratani. Mjomba alicheka. Alikuwa anaranda mbao mpaka wiki ileile. "Daktari, kwani mimi nimekonda?" Saratani aliyoijua ni ile ya kwenye hadithi na tamthilia, ya mtu aliyelala kitandani akiaga watoto. Ya kwake ilikuwa imeshafika mapafuni, na yeye bado anabeba mbao begani.

Najua kuna atakayeniletea ile methali, eti mficha maradhi kifo humuumbua. Hakuficha, bwana! Alikuwa anakunja bukta kibarazani mbele ya mtaa mzima, kila mtu atazame, kila mtu abonyeze. Watu wakatazama, wakabonyeza, wakarudi kwenye bao.

Wala msiniambie lugha haina maneno. Lugha iliyotenganisha jipu na chunjua, mtoki na busha, tezi na nundu, haiwezi kukosa la kusema juu ya paja la seremala. Wengine mtasema kazi ya fasihi si kufundisha udaktari. Sawa, sijadai udaktari. Nadai paja. Nadai kidole kinachobonyeza na mke anayeshangaa kwa nini suruali inabana mguu mmoja tu. Mwandishi akijua uvimbe uko wapi, atajua pia mgonjwa analalia ubavu upi, na ninaapa hatamweka tena dirishani.

Mimi mwenyewe si msafi. Tangazo la kifo cha mjomba niliandika mimi, mwenye kupenda vitabu katika familia: "amefariki dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi." Uvimbe ule alikaa nao miaka mitatu.