Umaskini hauko kichwani, uko kwenye ruzuku

Makamanda, wiki hii magrupu yetu ya WhatsApp yamechafuka kwa ubishi kuhusu sisi wanafunzi wa chuo tunaokwenda shule za kata kila Jumamosi kukaa na watoto wa kidato cha kwanza na cha pili. Wapo wanaosema tunapoteza muda, eti hizo ni kazi za NGO, chama kinataka watu wa kufungua matawi. Wapo pia wale wa "ota ndoto kubwa", wanaotaka tupeleke wahamasishaji wenye suti wakawaambie watoto kwamba umaskini uko kichwani. Nawapinga wote. Nitaanza na hawa wa suti, maana ndio wanaoharibu zaidi.

Hebu tuelewane. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma hesabu kwa Kiswahili na sayansi kwa Kiswahili, miaka yote mpaka anamaliza darasa la saba. Anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki chache za kujizoeza, halafu karibu kila somo linakuwa Kiingereza. Mtoto yule yule aliyekuwa ananyoosha kidole mpaka anapanda juu ya dawati sasa anainamisha kichwa. Mwalimu akiuliza swali, darasa zima kimya. Halafu anakuja mtu na maikrofoni anawaambia tatizo lao ni kutojiamini!

Nimemsikia kwa masikio yangu kijana wa kidato cha pili akitueleza kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hatua kwa hatua, tena akamsahihisha mwenzetu wa mwaka wa pili chuoni. Kwenye mtihani wa shule swali hilo hilo aliliacha wazi. Hakulielewa swali. Sasa mtu huyu unamhamasisha nini? Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Watoto wakasubiri. Toleo la 2023 la sera hiyo hiyo likaibakisha sekondari kwenye Kiingereza. Sasemi Kiingereza kisifundishwe, kifundishwe vizuri sana. Nasema tusimlaumu mtoto kwa ukimya tuliomwandalia sisi.

Mwalimu Nyerere, kwenye Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka shule imjengee mtoto akili ya kuhoji, na kujiamini kwa mtu aliye huru na sawa na wenzake katika jamii. Soma tena hapo. Kuhoji na kujiamini aliviweka pamoja. Siku hizi tunataka mtoto ajiamini lakini asiulize.

Nina ushahidi. Kuna binti mmoja tunakaa naye, mama yake anauza vitumbua. Aliniuliza mbele ya wenzake: "Dada, si wanasema elimu ni bure? Mbona nimerudishwa nyumbani kwa hela ya mitihani?" Swali zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwenye semina zetu za sheria. Nikamjibu nilichokijua: Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Wiki iliyofuata mkuu wa shule akatuita ofisini. Alikuwa mpole, alitupa viti, akatuuliza tumetumwa na chama gani. Akasema tubaki kwenye masomo na kuwatia moyo, maswali ya hela ni siasa.

Kwa kweli yule mkuu simchukii. Anaendesha shule kwa ruzuku iliyopangwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka mzima, na shilingi 10,000 kwa wa msingi. Gawanya hiyo 25,000 kwa siku 365, haifiki shilingi 70 kwa siku. Andazi hununui. Humo atoe chaki, karatasi za mitihani na matengenezo. Akiomba michango anavunja waraka, asipoomba mitihani haichapwi. Waliomweka kwenye kona hiyo wako mbali na ile ofisi yake, na wao hakuna anayewauliza wametumwa na nani.

Mtoto akikushtaki je? Hapa ndipo naomba makamanda wa sheria msikilize, na wasio wa sheria zaidi. Katiba ya 1977, ibara ya 11, inataja haki ya kujielimisha mpaka upeo wowote kwa stahili na uwezo wa mtu, na inaitaka serikali ifanye jitihada kuhakikisha watu wote wanapata fursa sawa. Nzuri, si ndiyo? Rudi nyuma kurasa chache, ibara ya 7(2). Inasema masharti ya sehemu hiyo, na ibara ya 11 imo ndani yake, hayatatiliwa nguvu na mahakama yoyote. Yaani haki imeandikwa, halafu mlango wa mahakama umefungwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inataja elimu na mwongozo kama haki ya mtoto, lakini kama wajibu wa mzazi. Mzigo unarudi kwa mama wa vitumbua.

Tunapiga kelele za Katiba Mpya kwenye mikutano miaka yote hii. Wangapi kati yetu tunaweza kumweleza yule mama ibara ya 7(2) inamfanyia nini mwanawe? Ninyi mnaosema hizi ni kazi za NGO, nijibuni hilo kwanza. Tawi linalofunguliwa na watu wasiojua shule ya mtaa wao inapata shilingi ngapi ni bendera na mti tu.

Na kuwakalia watoto kuna faida ambayo mhamasishaji hana. Mimi nimesoma shule ya kata. Nikisimama pale wanaona dada wa kawaida, ana mkopo wa HESLB, anajua fomu inajazwaje na cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa wapi. Wengi wao mtu wa sheria pekee waliyewahi kumwona ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, siku kaka alipokamatwa na bodaboda. Hawajui tahasusi ni nini mpaka wakati wa kuchagua umefika. Hawajui VETA inapokea nani. Mambo haya mtoto wa daktari anayapata mezani kwao usiku, bila kuhamasishwa na mtu.

Kuna waliopendekeza twende na kadi za chama. Hapana. Hawa ni watoto, hawana kura, na hata wangekuwa nayo, shule si uwanja wetu wala wa wale wenye fulana za kijani. Mtoto akijua kuuliza, atatuuliza na sisi pia siku tukishika dola, na itabidi tuwe na majibu.

Jumamosi hii tunaanza saa 3 asubuhi. Tunahitaji watu wanne wa hesabu na fizikia wanaoweza kufundisha kwa Kiswahili kwanza, kisha kumvusha mtoto kwenda Kiingereza, na mmoja anayeijua vizuri fomu ya mkopo. Nauli kila mtu ajitegemee, bumu si limeingia. Mkuu wa shule nimempa barua yenye majina yetu wote na orodha ya tutakachofundisha, na haki za mtoto zimo, namba nne. Fulana za chama ziacheni hosteli.