Wenye Stenti, Ulizeni Kabla ya Kupigwa Picha ya Moyo

Mwalimu mmoja mstaafu, mgonjwa wangu wa miaka mingi, alinijia akilalamika kwamba kifua humbana kila apandapo ngazi. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ametiwa stenti, yaani kile kijibomba cha wavu wa chuma kinachowekwa ndani ya mshipa wa moyo ili usizibe tena. Nikamwandikia barua akapigwe picha ya CT. Kosa langu ni kwamba sikutaja ukubwa wa stenti hiyo. Majibu yakaja kwamba huenda mshipa umeziba. Ikabidi apitishwe mpira mwembamba kutoka mkononi hadi moyoni, kwa gharama iliyowatoa wanawe jasho, na mshipa ukakutwa wazi kabisa! Stenti yake ilikuwa ya milimita 2.5.

Je, mashine ya mamilioni ya pesa yawezaje kukosea hivyo? Msomaji, CT si kamera. Miale ya eksirei huzunguka mwili, kisha kompyuta hupiga hesabu na kuijenga picha. Nyuzi za stenti ni nyembamba, milimita 0.1 hivi, lakini pichani chuma huonekana kimevimba na kuufunika uwazi wa ndani. Ndiyo sababu stenti isiyofika milimita 3 ni taabu kuisoma.

Tena kuna suala la miale yenyewe. Mnamo 2007 ilikuwa kawaida picha moja ya mishipa ya moyo kumwachia mgonjwa milisivati 12 hivi, ilhali binadamu hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka mzima kutoka ardhini na angani. Siku hizi miale imepunguzwa sana, na mimi naunga mkono. Lakini miale ikipungua, picha hujaa chembechembe kama televisheni yenye eriali mbovu. Hapo ndipo hesabu huja kuokoa. Njia iliyozoeleka kwa miaka mingi huijenga picha kwa mkupuo mmoja. Nyingine hukisia picha, hulinganisha na vipimo, husahihisha, kisha hurudia tena na tena. Godfrey Hounsfield, aliyebuni CT, alianza na hesabu za kurudiarudia namna hiyo, ila kompyuta za 1971 zilikuwa goigoi mno. Zilirudi hospitalini miaka ya 2000 ikielekea ukingoni, na sasa ziko kompyuta zilizofunzwa kusafisha picha zenyewe.

Ninalopinga ni kuvutiwa na picha kwa sababu tu inapendeza. Ikilainishwa kupita kiasi, nyama inayoota ndani ya stenti yaweza kufichika, mgonjwa akaambiwa yu salama. Kwa stenti, afadhali picha ijengwe kwa namna inayochonga kingo vizuri, hata ikibaki na chembechembe.

Kwa hivyo, kabla hujalipa hata senti, onyesha kadi uliyopewa siku ulipotiwa stenti. Muulize mtaalamu wa eksirei kama picha yako itajengwa kwa namna inayofaa stenti, na kama stenti yako ni ndogo, muulize daktari iwapo kupimwa moyo ukiwa mazoezini hakutafaa zaidi. Kama kadi imepotea, rudi hospitali uliyotibiwa udai nakala. Mwalimu wangu huiweka yake pamoja na kitambulisho, nami siandiki tena barua kabla sijaiona.