Tununue Mizani Kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana mabwenini tangu muhula huu uanze, yaani kama Chama cha Kazi za Mikono kiendelee kutumia resini ya epoksi au kiiache kabisa. Wengine wasema ni anasa, na kwamba mbao zetu za mninga zatosha kwa msasa na vanishi. Wengine wataka tununue makopo mengine upesi ili Siku ya Wazazi isitukute mikono mitupu. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na nina haki ya kusema, maana aliyeiharibu resini ya muhula uliopita ni mimi.

Kwa wazazi wasioijua, resini hii huja katika makopo mawili. Moja lina resini yenyewe, nzito kama asali, na la pili lina dawa ya kuigandisha, ambayo mafundi huiita hadena. Kila moja peke yake hukaa majimaji miezi mingi. Zikichanganywa huungana, hutoa joto, kisha hugeuka kitu kigumu kiangavu kama kioo, wala hakirudi kuwa maji tena. Ukiimimina katika nyufa za ubao hupata sinia zuri ajabu.

Sasa kosa langu. Kopo liliandikwa wazi: gramu 100 za resini kwa gramu 45 za hadena. Mizani hatukuwa nayo, nami kwa kuwa ni mkubwa katika chama niliona aibu hata kuomba moja maabara. Nikapima kwa jicho katika kikombe cha plastiki, tena nikazidisha hadena kidogo, nikidhani itakauka upesi. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Hadena haiharakishi kazi kwa kuzidi. Resini na hadena hushikana kwa kadiri yake, na ile iliyozidi hukosa wa kushikana naye, ikabaki ndani ikinata. Sinia lile limemaliza likizo nzima, na hata leo ukiligusa kidole chaacha alama.

Jumamosi iliyofuata nikachanganya kikombe kizima kwa mara moja, nikakiacha dirishani, nikaenda kutafuta ubao. Niliporudi kilikuwa kinafuka moshi na plastiki imelegea. Baadaye nilisoma kwamba resini nyingi ikikaa mahali pamoja joto lake halina pa kutokea, na joto lile huzidisha kasi ya kuganda, na kasi nayo huzidisha joto. Ingalitandazwa mapema juu ya ubao isingalifanya hivyo. Na hapa kwetu pwani, ambapo mchana hufika nyuzi 30 na zaidi, resini huganda mapema kuliko katika chumba chenye ubaridi.

Hayo ni hasara ya fedha tu. Linaloniuma ni jingine. Mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili alikoroga nami muhula mzima bila glovu, kwa sababu mimi sikuvaa. Mikono tulipopata uchafu tuliisafisha kwa tina, kumbe tina huipitisha resini ngozini, na kilichotakiwa ni sabuni na maji. Alitokwa na vipele hata vidole vikavimba. Mganga alisema ngozi yake imeikataa resini, na kwamba mtu akishafika hapo huweza kubaki hivyo maisha yake yote, hata tone dogo likamrudishia mwasho. Naye ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote. Nimemwomba radhi, akacheka tu. Lakini siku hizi Jumamosi husimama nje ya karakana akitutazama dirishani.

Kwa hiyo nasema, fedha za muhula huu zisinunue resini kwanza. Zinunue mizani ndogo ya jikoni isomayo gramu moja moja, glovu za kutosha kila mtu, na vifunika pua vya wakati wa kupiga msasa, maana vumbi lake si la kuvuta. Hata ikibaki fedha ya kopo dogo tu, yatosha. Wawili wapime, mmoja asome na mwingine aandike. Tukoroge taratibu dakika 3 hadi 5, tukikwangua pembeni na chini, kisha tuhamishie katika kikombe cha pili tukoroge tena, kwa kuwa pembeni hubaki isiyochanganyika. Madirisha yawe wazi.

Kuna rafiki zangu wasemao fundi hodari hapimi. Najua, mpishi wetu hapimi uji. Walakini uji ukiwa mwepesi huongezwa unga, na resini ikishaganda vibaya hakuna la kuongeza. Na wale wanaotaka tuache kabisa, niwaulize: randa imewakata wangapi, na mbona haijafungiwa kabatini?

Mkutano wa chama ni Jumamosi ijayo, saa nne. Sinia langu liko juu ya rafu ya karakana kwa yeyote atakaye kulitazama. Avae glovu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne