Wacheni Kuisifu Hiyo Bustani

Kila picha ya Dido Elizabeth Belle na binamu yake, Lady Elizabeth Murray, inapozunguka mitandaoni, lazima mtu aandike ati tazama usawa. Usawa gani? Hebu ikuzeni kidogo.

Wako katika bustani ya Kenwood, London, miaka ya 1770. Elizabeth, mzungu, ana kitabu. Dido, mweusi, ana matunda, na kilemba chenye unyoya kichwani. Mama yake, Maria Belle, alikuwa mtumwa; baba yake, Sir John Lindsay, ofisa wa jeshi la majini. Wasichana wote wawili walilelewa na mjomba wa wazazi wao, Lord Mansfield, Jaji Mkuu wa Uingereza.

Sasa ingieni ndani ya nyumba. Jaji alipotaka kuandikiwa barua, Dido ndiye aliyeshika kalamu. Kazi ya maziwa na kuku, msimamizi ni Dido. Posho yake kwa mwaka ilikuwa pauni 30 na shilingi 10. Ya Elizabeth, 100. Mwaka 1779, Thomas Hutchinson, aliyekuwa gavana wa Massachusetts, alialikwa pale akaandika kwenye shajara yake kwamba Dido alikuja kuketi na akina mama baada ya chakula. Baada!

Kwa hivyo anayejua kalamu na maziwa kapewa zabibu azibebe, na shamba lote limegeuka pambo. Matajiri wa Ulaya waliupenda mchezo huu. Peter Lely aliwachora wanawake wa kikabaila wakijifanya wachunga kondoo. Marie Antoinette akajengewa kijiji kizima pale Versailles. Matope hakuna, jasho hakuna. Yeyote aliyechunga mbuzi kwa nyanya likizo ya Desemba anajua hariri ile isingefika saa nne asubuhi.

Mtaniambia, lakini si Dido anatabasamu? Namwona. Yeye ndiye mwenye uhai pale, na ndiyo maana naudhika. Picha ilibaki mikononi mwa ukoo wake mwenyewe, na bado iko kwao, Scone Palace, Scotland. Ila orodha ya mali ya Kenwood ya 1904 ilimtaja Elizabeth kwa jina, na Dido ikamwita mhudumu mweusi, basi. Mjukuu wa nyumba!

Mkiisambaza tena, anzeni na jina lake. Halafu wekeni zile pauni 30 na shilingi 10.