Ree ya Shupaza Isionewe

Palipo na karata, palipo na Matatu, mchezo wetu wa Uganda, hapakosi lalamiko hili, iwe ni kwenye steji za bodaboda za Kasese mjini, vibaraza vya Bwera, au kwa madereva wanaosubiri karatasi zao forodhani Mpondwe: karata fulani zimepewa nguvu kupita kiasi, na mchezo wa haki ni ule ambao nguvu zimesawazishwa. Aliyeokoteshwa mbili mara kwa mara anataka 2 zipunguziwe makali. Aliyebadilishiwa aina akiwa amebakiza karata moja anaona ree ndiyo mchawi wake, na ree ya shupaza ndiyo mkuu wa wachawi, heri itolewe kwenye pakiti. Imani hii inasikika kama busara, tena busara ya mtu mpenda haki, ndiyo maana haipingwi. Nami naipinga. Haki ya mchezo haitokani na usawa wa nguvu. Inatokana na bei: kila nguvu iwe na gharama yake, na mpinzani awe na njia ya kumfanya mwenye nguvu hiyo ailipe. Mchezo wenye bei unaweza kubeba karata kali kiasi chochote. Usio na bei utaonea watu hata ukiwa na karata moja tu ya maajabu.

Tuutazame mchezo wenyewe kwa utulivu, maana wanaoulaumu wanausoma nusu. Kila mchezaji hugawiwa karata 7, na karata moja hufunuliwa kuonyesha aina itakayokata. Unatupa karata inayofanana aina au namba na iliyo juu, huna unaokota. Karata ya 2 humwokotesha mpinzani mbili, 8 na Jeki humrusha zamu, na ree humpa aliyeitupa haki ya kutaja aina inayofuata. Nusu hiyo kila mtu anaikumbuka. Nusu ya pili ni kwamba mchezo hauishi kwa kumaliza karata peke yake. Mwenye 7 ya aina iliyofunuliwa anaweza kuukata wakati wowote karata hiyo inapokubalika mezani, na hapo watu wanahesabu walivyobaki navyo; mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Kwa hesabu iliyozoeleka, karata za kawaida huhesabiwa kwa namba zao, lakini 2 ni 20, ree ni 15, na ree ya shupaza ni 60. Hebu zirudie namba hizo. Karata inayolaumiwa kuwa kali ndiyo hiyo hiyo iliyobebeshwa mzigo mkubwa kuliko zote. Aliyeziweka kanuni hizi alijua alichokuwa akifanya.

Chukua mikono miwili. Wa kwanza amebakiza karata tatu: 2, ree ya kopa na 4. Ameshika silaha mbili, na mtazamaji atamwona ameshashinda. Wa pili ana karata sita zisizo na maajabu yoyote, yaani 3, 4, 5, 5, 6 na 9, na zaidi ya hizo ameshika 7 ya kukata. Aina inayokata inakuja mezani, anaitupa 7. Wa kwanza anahesabu 20 na 15 na 4, jumla 39. Wa pili anahesabu 32. Karata sita hafifu zimeshinda karata tatu kali, na hakuna aliyeonewa: wa kwanza alikuwa na nafasi ya kuitupa 2 yake mapema, akaihifadhi kwa tamaa ya kumaliza nayo. Alikuwa na ree pia, ambayo ingeweza kuihamisha aina mbali na ile inayokata na kuifungia njia ile 7. Kila alichokishika kilikuwa na nguvu kwa muda na deni kwa muda, na kazi ya mchezaji ni kujua lini kimoja kinageuka kuwa kingine. Sawazisha 2 na ree ziwe kama 4 na 9, na uamuzi huo unakufa. Kitakachobaki ni kutupa kinachofanana na kuokota usipokuwa nacho, kazi ambayo hata mtoto anayejifunza namba ataichoka kabla ya chai.

Majirani zetu wa Kenya wanatoa ushahidi wa aina nyingine. Mchezo wao wa jamii hiyo hiyo, ambao wao huuita poka, una karata kali kuliko zetu: 2 huokotesha mbili, 3 huokotesha tatu, joka huokotesha tano, Jeki huruka, mfalme hurudisha mzunguko. Kwa imani ninayoipinga, mchezo huo ungekuwa ni dhuluma tupu. Lakini wao wameiweka bei mahali pengine: huwezi kumaliza mchezo kwa karata ya nguvu, ni lazima umalizie kwa karata ya kawaida, na ukikaribia kumaliza lazima utangaze. Mwenye mkono uliojaa silaha anabaki kama mwenye nyumba asiye na ufunguo wa mlango wake. Matatu hutoza kwa hesabu ya mwisho, poka ya Kenya hutoza kwa kukufungia kutoka. Njia mbili tofauti, matokeo mamoja, na hakuna hata mmoja kati ya michezo hiyo ulioona haja ya kuzisawazisha karata.

Mbali na huku, wapo walioijaribu dawa ya usawa kwa gharama kubwa. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa Marekani mwaka 1974, humpa kila mchezaji mhusika wa kuigiza, na ugomvi wake wa miaka yote ni kati ya wahusika wa uchawi na wa upanga. Katika kanuni za 1978 mchawi anayeanza alikuwa na uganga mmoja tu kwa siku, hana deraya, na uhai wake ulipimwa kwa dadu ya pande 4 huku wa upanga akipimiwa dadu ya pande 10. Aliyevumilia udhaifu huo hadi ngazi za juu alivuna nguvu za kutisha. Hiyo ndiyo ilikuwa bei. Matoleo yaliyofuata yalipunguza bei, nguvu zikabaki, na malalamiko yakaongezeka. Mwaka 2008 likaja toleo la nne lililowapa wote muundo mmoja: uwezo wa kutumia wakati wowote, wa mara moja kwa pambano, na wa mara moja kwa siku. Usawa ulipatikana, na wachezaji wengi wakalalamika kwamba mchawi na mpiga upanga sasa wanafanana mno. Toleo la tano la mwaka 2014 likairudisha tofauti: mchawi mmoja ana maajabu mengi lakini lazima apumzike usiku kucha kuyapata tena, mwingine ana machache ila huyapata kwa mapumziko mafupi. Walirudi kwenye bei.

Nitaambiwa kwamba hayo yote yanasahau bahati: aliyegawiwa 7 ya kukata amepewa ushindi mkononi. Hapana. Isipokuwa karata iliyofunuliwa yenyewe ni 7, nafasi yako ya kugawiwa ile inayokata ni 7 kati ya 51, kama 14 kwa kila 100, na ya mpinzani wako ni hiyo hiyo. Tena kuwa nayo hakukupi ushindi; ukikata wakati jumla yako ni kubwa umejichinja mwenyewe. Nitaambiwa pia kwamba mgeni wa mchezo huumia zaidi. Ni kweli, lakini anaumizwa na kutojua kuhesabu, na hilo hutibiwa kwa kucheza. Wengine wana malalamiko ambayo hayahitaji jibu refu: fuatilia anayelaani 2 leo, utamkuta kesho akiitupa huku akicheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hoja moja tu ya upande wa pili ina uzito, na naikubali bila shingo upande: zipo meza ambapo 2 kweli inatesa watu. Lakini ziangalie kwa makini. Mara nyingi ni meza ambako watu wana haraka, wakaamua kuacha kukata na kuhesabu, anayemaliza kwanza achukue. Wameibakiza nguvu na kuifuta bei. Hapo 2 haina deni, ree haina deni, na aliyegawiwa nyingi anatembea juu ya wenzake. Lawama zinaiangukia karata wakati kosa ni la walioitupa nusu ya kanuni. Dawa yake ni kurudisha hesabu.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa Bwera kuliko kwingine. Mpakani watu wa pande mbili za mto Lhubiriha, unaotutenganisha na Kongo, wanakaa meza moja, kila mmoja na desturi za nyumbani kwake, na ugomvi wa karata huanza pale mtu anapodai nguvu ya desturi yake bila gharama iliyoambatana nayo. Kabla ya kugawa, basi, watu wasipoteze muda kubishana karata gani ipunguzwe. Wakubaliane mambo mawili: kila karata kali italipiwa vipi, na nani anaweza kudai malipo hayo. Meza iliyojibu maswali hayo mawili inaweza kuiacha ree ya shupaza na makali yake yote, na pointi zake 60 zitamtafuta mwenyewe anayeikumbatia.