Goiânia si mji wa sumu

  

Leo nina jambo moja linalonikera, ngoja nilitoe. Tangu niwaambie kwamba likizo yangu nilikwenda Brazil, kwenye mji wa Goiânia, simu haziishi. Shangazi kasoma mahali, ananiuliza, "Mwanangu, huko si ndiko kwenye sumu ya mionzi?" Binamu naye anataka kujua kama nikija Desemba ni salama kunipa mtoto wake nimbebe. Jamani! Sijakasirika, lakini nisikilizeni kidogo, maana hii ndiyo kazi niliyosomea.

Kwanza mji wenyewe. Goiânia hauko pwani kama Rio. Uko bara kabisa, kama kilomita 200 kutoka Brasília. Ulichorwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa, jiwe la msingi likawekwa tarehe 24 Oktoba 1933, ili uwe makao makuu mapya ya jimbo la Goiás badala ya mji wa zamani. Sisi wenye Dodoma yetu hadithi hiyo tunaielewa, au siyo? Ulipangiwa watu 50,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 1,400,000! Ni mji wenye miti kila upande, bustani kubwa katikati ya maghorofa, na muziki wa wafugaji wanaouita sertanejo. Wanapika wali na tunda la njano linaloitwa pequi, harufu yake unaisikia tangu getini. Kokwa yake ina vijiba vidogo vidogo ndani, kwa hiyo unaikwangua taratibu kwa meno ya mbele. Mwenye pupa atakiona.

Mwenyeji wangu ni nesi mwenzangu, tumefanya naye zamu za usiku miaka mitatu. Wabrazil wamejaa sana huku Massachusetts. Nilichoshangaa ni kwamba mtu akimuuliza kwao wapi, hujibu "karibu na Brasília". Mji wa watu zaidi ya milioni, na mwenyeji wake hautaji! Sababu yake ndiyo hii.

Mwaka 1987 kulikuwa na kliniki ya kutibu saratani iliyokuwa imehama, ikaacha nyuma mashine ya mionzi kwenye jengo bovu lisilo na mlinzi. Tarehe 13 Septemba vijana wawili wakaingia kutafuta vyuma chakavu, wakaondoka na kichwa cha ile mashine, wakakifungua na kukiuza. Ndani mlikuwa na unga wa seziamu-137, hata gramu 100 haufiki. Usiku ulikuwa unang'aa rangi ya buluu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Walifanya vilevile. Waliita ndugu na majirani waje waone, wakagawiana, wengine wakajipaka. Binti wa miaka sita, Leide das Neves Ferreira, aliuchezea kisha akala kwa mikono ileile.

Watu wakaanza kutapika na kuharisha. Aliyeunganisha mambo ni mke wa mwenye duka la vyuma chakavu, Maria Gabriela Ferreira. Aliona kila aliyekigusa kile kitu anaumwa, akakitia kwenye mfuko, akapanda basi na kijana mmoja wa dukani, akakipeleka ofisi ya afya tarehe 28 Septemba. Kesho yake mtaalamu akapima, ndipo serikali ikajua. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, wengi wao kwenye uwanja wa mpira. Waliokutwa na uchafu wa mionzi walikuwa 249. Wanne walikufa mwezi Oktoba, akiwemo Leide na akiwemo Maria Gabriela mwenyewe.

Sasa hesabu nanyi. Watu 249 katika mji uliokuwa na kama milioni moja wakati ule. Lakini aliyehukumiwa ni nani? Mji mzima! Hoteli za miji mingine ziliwakataa watu wa Goiânia. Magari yenye namba za Goiás yalipigwa mawe. Mazao ya jimbo zima yalikosa wanunuzi. Ilibidi watu watembee na vyeti vya kuonyesha kwamba ni safi. Hata jeneza la yule mtoto lilirushiwa mawe makaburini.

Msimamo wangu ni huu. Mionzi iliwapata wachache, hofu ikawamaliza wengi, na hofu ile haikuwa na kipimo wala cheti. Mtu aliyepimwa akakutwa safi hana cha kumwambukiza mwenzake. Na sisi tusijifanye hatujui ugonjwa huu. Tumeuona kwenye UKIMWI, sahani ya mgonjwa inatengwa, kitanda kinachomwa moto, na aliyeuguza naye anaepukwa. Nimesoma Muhimbili, nimeosha wagonjwa ambao ndugu zao walisimama mlangoni. Kinachonitia uchungu ni kwamba miaka karibu 40 baadaye swali bado ni lilelile, na limetoka nyumbani kwetu.

Kiwanja cha Mtaa wa 57, palipovunjwa ile mashine, nimekiona. Ni sakafu ya zege tu, hakuna nyumba. Takataka zote za mionzi zilizikwa Abadia de Goiás, nje kidogo ya mji, chini ya ulinzi na vipimo. Waathirika bado wana kituo chao cha afya. Mji haukuficha, umezika na unaendelea.

Kama mnataka kuogopa, basi ogopeni kinachostahili. Vijana wetu wanazunguka Dar na magunia ya vyuma chakavu kila siku, na baadhi yenu mnawauzia au mnanunua kwao. Ukiona kitu kizito kuliko umbo lake, kimetoka hospitali au kiwandani, kina alama ya duara dogo lenye mabawa matatu, usikifungue wala usikibebe. Kaa mbali nacho, zuia watoto, kawaambie polisi au Tume ya Nguvu za Atomu. Na mwenye hospitali akifunga milango, mashine yake ni jukumu lake mpaka itakapokabidhiwa kwa wanaohusika. Yule unga haukuingia mtaani wenyewe, uliachwa na watu waliosoma.

Shangazi, nakuheshimu sana na ninakupenda. Desemba nakuja, na mtoto nitambeba.

Nesi wenu wa ughaibuni.