Mwanao Akienda Chuoni, Dini Yake Itakuwaje?

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, yapo maswali ambayo mzazi humwuliza mwanawe waziwazi, na lipo moja ambalo aghalabu hulimeza. Huuliza habari za karo, za blanketi, za chakula cha bwenini na za marafiki. Lile analolimeza ni kwamba mtoto huyu, aliyefundishwa kusali kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake, akikaa chumba kimoja na mtoto wa dini nyingine kwa miaka mitatu, atarudi nyumbani akiwa nani?

Hofu hiyo si ya kudharauliwa, wala si ya watu wasiosoma peke yao. Katika nchi zetu chuo kikuu ndipo mahali ambapo kijana wengi wao hukutana kwa mara ya kwanza na mwenziwe anayemwomba Mungu kwa namna nyingine. Pale mlimani Makerere, Kampala, liko Kanisa la Mtakatifu Fransisi la Waanglikana, liko la Mtakatifu Augustino la Wakatoliki, na uko msikiti wa chuo. Mwanafunzi hana haja ya nauli ili kuvifikia vyote vitatu. Hata hivyo, mtu aweza kupita mbele ya mlango wa mwenziwe kila siku hadi akapata shahada, asijue kinachosemwa ndani.

Basi wazazi wenye hofu hiyo yawafaa kujua habari ya rabi mmoja wa Kiyahudi na mkuu wa kanisa la chuo, iliyotokea mbali na kwetu, katika mji wa Boston huko Marekani, mwaka 1955.

Rabi huyo aliitwa Zalman Schachter, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Schachter-Shalomi. Alizaliwa Polandi mwaka 1924, akakulia Vienna, akaikimbia Ulaya ya Hitler pamoja na jamaa zake na kufika Marekani mwaka 1941. Alikuwa wa madhehebu ya Wahasidi wa Lubavitch, Wayahudi washikao sheria za dini yao kwa ukamilifu, kuanzia mavazi hadi chakula. Alipotaka kusoma elimu ya saikolojia ya dini alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Boston, chuo kilichoanzishwa na Wakristo wa Kimethodisti. Wakati huo alikuwa akiishi New Bedford, safari ndefu ya motokaa. Ilimbidi kuondoka alfajiri sana, wakati wa sala ya asubuhi haujafika, na akifika Boston jumba la wanafunzi wa Kiyahudi lilikuwa bado limefungwa. Mlango pekee uliokuwa wazi saa hizo ulikuwa wa Marsh Chapel, yaani kanisa la chuo.

Hapo ndipo ilipokuwa taabu yake. Ukumbi wa juu ulikuwa umejaa sanamu, na kanisa dogo la chini lilikuwa na msalaba mkubwa wa shaba mezani. Myahudi wa namna yake hawezi kusali mbele ya vitu hivyo. Akajitafutia pembe katika chumba kimoja cha kumbukumbu, akaelekea mashariki na kusali humo. Siku moja mtu mweusi wa makamo akaingia, akamwambia kwa upole kwamba amemwona humo mara kadhaa, na je, hangependa kusali katika lile kanisa dogo? Rabi akababaika. Alimdhania kuwa mhudumu wa kufagia jengo, na hakutaka kumkosea kwa kuutaja msalaba. Yule mtu akaelewa bila kuambiwa. Akamshauri apite kesho yake atazame tu, huenda akaona panafaa.

Kesho yake rabi akakuta mishumaa miwili inawaka. Msalaba hauonekani. Biblia kubwa imefunguliwa mahali pa Zaburi ya 139, ile isemayo habari ya mtu asiyeweza kwenda popote penye kujificha na Mungu. Tangu siku hiyo akawa akisali humo. Na kila alipomaliza aliurudisha msalaba mahali pake kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaifungua ile Biblia kwenye Zaburi ya 100, ambayo ni zaburi ya kushukuru, ili atakayeingia baada yake aikute hivyo.

Baada ya muda rabi alivutiwa na somo moja lililotangazwa chuoni, lililohusu njia za kuilea roho, ambalo mwalimu wake alikuwa mkuu wa kanisa la chuo. Akaomba miadi ya kuonana naye. Alipoingia ofisini akamkuta yule yule aliyemdhania kuwa mfagizi. Ilimpasa kusema kilichomleta, akasema: alitamani somo hilo, lakini aliogopa. Hakujua kama mnyororo wa nanga yake ulikuwa na urefu wa kutosha kumruhusu kwenda mbali hivyo bila kukatika. Mwenyeji wake alinyamaza kwa kitambo, kikombe cha kahawa mkononi, kisha akamwuliza kama hamwamini Roho Mtakatifu. Aliyataja maneno hayo mawili kwa Kiebrania, lugha ya sala za rabi mwenyewe. Rabi akatoka amefadhaika, akakaa na swali hilo siku nyingi kabla ya kujiandikisha. Darasani hapakuwa na mahubiri ya kumgeuza mtu. Wanafunzi walisoma zaburi moja mara kadhaa, kisha wakasikiliza muziki wa Bach na kujaribu kuisikia zaburi ile ndani yake.

Inafaa kusitasita hapa, kwa sababu wengi wetu tukisikia habari za dini mbalimbali kukaa pamoja chuoni hufikiri ni kuzikoroga katika chungu kimoja. Rabi hakuombwa aupende msalaba, wala mkuu wa kanisa hakuutupa. Uliondolewa kwa nusu saa, ukarudishwa na mgeni. Mwenye nyumba anayempisha mgeni wake mkeka ili asali hapotezi mkeka.

Mkuu huyo wa kanisa alikuwa Howard Thurman. Alizaliwa Florida mwaka 1899, katika siku ambazo mtu mweusi wa kusini mwa Marekani alitengwa shuleni, garimoshini na hata makaburini. Baba yake hakuwa mtu wa kanisa. Alipofariki, mwanawe akiwa bado mtoto mdogo, mhubiri mgeni aliyeendesha mazishi aliwaambia waombolezaji kwamba marehemu yuko motoni. Mtoto aliketi pale pale akisikiliza. Asiyeelewa kwa nini Thurman hakupenda kumhukumu mtu kwa dini yake na aanzie hapo.

Aliyemlea ni bibi yake, Nancy Ambrose, aliyekuwa mtumwa katika ujana wake. Bibi huyu hakujua kusoma, na kazi ya mjukuu ilikuwa kumsomea Biblia. Lakini nyaraka za Mtakatifu Paulo alizikataa, isipokuwa mara chache ile sura ya Wakorintho ihusuyo upendo. Mjukuu alikuwa mwanafunzi wa chuo ndipo alipothubutu kuuliza sababu. Akaambiwa kwamba zamani za utumwa mhubiri wa bwana shamba alikuja mara chache kwa mwaka kuwahubiria watumwa, na kila mara alichagua maneno ya Paulo yawaamuruyo watumwa kuwatii mabwana zao. Bibi akamwahidi Mungu kwamba akipata uhuru sehemu hiyo haitasomwa nyumbani mwake. Wasomi wameandika vitabu vinene kuhusu dini na dhuluma, lakini bibi huyu asiyejua herufi alikuwa amekwisha kulipambanua jambo lenyewe.

Mji wa kwao haukuwa na shule ya sekondari ya watoto weusi, hivyo ilibidi aende Jacksonville. Kituoni aliambiwa kwamba sanduku lake, lililofungwa kwa kamba kwa kuwa halikuwa na mishikio, haliwezi kupokelewa kama mzigo wa abiria. Lilipiwe peke yake. Fedha hakuwa nazo. Alikaa kwenye ngazi akilia, hadi mtu mweusi asiyemjua, aliyevaa mavazi ya kazi, alipotoa fedha mfukoni, akalilipia sanduku, akamkabidhi risiti na kwenda zake bila kutaja jina. Thurman alipochapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1979 alikitunuku kwa mtu huyo wa kituoni.

Alisoma Chuo cha Morehouse, akawa mchungaji wa Kibaptisti, kisha mkuu wa kanisa katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mwaka 1935 umoja wa wanafunzi Wakristo wa India, Burma na Ceylon uliualika ujumbe wa Waamerika Weusi wanne uzungumze na wanafunzi wa nchi hizo. Thurman aliongoza, na mkewe Sue Bailey Thurman alikuwa mmoja wao. Huko Colombo, nchi iitwayo leo Sri Lanka, baada ya kuhutubia wanafunzi wa sheria, mwenyeji wake alimkaribisha kahawa na kumwuliza swali zito. Waliowateka babu zako Afrika walikuwa Wakristo, walionunua walikuwa Wakristo, na jahazi moja mashuhuri la Waingereza la kuchukulia watumwa liliitwa Yesu. Sasa wewe, mtu mwenye akili, unafanya nini katika dini hiyo? Akaongeza kwamba alimwona kama msaliti wa watu wote weusi duniani.

Mtu mwingine angekasirika, au angetoa aya mbili tatu na kuaga. Hawa wawili walizungumza kwa saa nyingi. Jibu lenyewe alilikamilisha baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kiitwacho Jesus and the Disinherited, ambamo alieleza kwamba Yesu alikuwa Myahudi maskini wa taifa lililokaliwa na dola la Roma, na kwamba mafundisho yake yaliwahusu kwanza walioegemezwa ukutani. Pasipo yule mwanasheria wa Colombo, asiye Mkristo, huenda kitabu hicho kisingeandikwa kwa namna hiyo.

Februari 1936 ujumbe ule ulionana na Mahatma Gandhi huko Bardoli. Gandhi ndiye aliyeuliza zaidi: habari za kura, za kunyongwa bila hukumu, za shule. Aliuliza pia kwa nini watumwa wa Marekani hawakusilimu, maana kwa maoni yake ndani ya Uislamu mtu akishaingia hatengwi tena. Nao walipomwuliza kwa nini harakati zake zilikuwa zimepungua nguvu, hakuwasingizia Waingereza peke yao. Alisema watu wake wana njaa, na tena wamepotewa na heshima ya nafsi kwa sababu ya Wahindu kuwatenga Wahindu wenzao. Kiongozi wa dini aliyekuwa tayari kuitaja aibu ya nyumba yake mbele ya wageni ni adimu, wakati ule na hata leo.

Mwaka 1944 Thurman aliuacha wadhifa wa Howard akaenda San Francisco kuanzisha, pamoja na mchungaji mzungu Alfred Fisk, kanisa la watu wa rangi zote. Mwaka 1953 akaitwa Boston, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa kanisa katika chuo kikuu cha Marekani chenye wazungu wengi. Alikaa hapo hadi mwaka 1965. Katika mwaka wake wa kwanza alikuwapo pia mwanafunzi wa udaktari wa falsafa aitwaye Martin Luther King, ambaye baba yake na Thurman walifahamiana tangu siku za Morehouse. Kijana huyo alifika nyumbani kwa akina Thurman, nao wakatazama pamoja mashindano ya besiboli katika televisheni. Mengi yamesemwa juu ya yale King aliyojifunza kwa Thurman. Yumkini mengine aliyapata sebuleni, si mimbarini.

Walikuwapo waliomlaumu Thurman. Walisema watu weusi wanapigwa barabarani naye anafundisha kukaa kimya; walitazamia kiongozi wa maandamano, wakapewa mtu wa sala. Lawama hiyo haikuwa ya uonevu mtupu, kwani kimya cha watu wa dini kimewahi kuwafaa madhalimu wengi. Lakini wenye kulaumu hawakuhesabu kazi isiyoonekana. Septemba 20, 1958 King, aliyekuwa amekwisha ongoza mgomo wa mabasi wa Montgomery, alichomwa kisu kifuani huko Harlem alipokuwa akitia sahihi vitabu vyake. Thurman alimwendea. Alimwuliza madaktari wamempa mapumziko ya muda gani, kisha akamsihi aongeze majuma mawili juu ya hayo. Alimweleza kwamba harakati zimekuwa kitu chenye uhai wake, naye apate nafasi ya kupima upya uhusiano wake nazo kabla hazijammeza.

King aliukubali ushauri huo. Februari 1959 alisafiri na mkewe Coretta kwenda India, miaka 23 baada ya ule ujumbe wa wanne. Gandhi alikuwa ameuawa tangu mwaka 1948, kwa mkono wa Mhindu mwenziwe aliyechukia urafiki wake na Waislamu. Wageni hao waliweka shada la maua mahali alipochomewa maiti, huko Delhi, wakavua viatu kama desturi ya pale inavyotaka.